UZI: Kufundisha Vita vya Maji Maji kwa macho ya kila aliyekuwepo, siyo "makabila yaliungana" tu

ChakiNyeupe (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa walimu wa Historia ya Tanzania na Maadili na wa Historia sekondari. Wazazi wanaosaidia watoto nyumbani karibuni pia.

Mada ya Maji Maji, vita vya watu wa kusini dhidi ya utawala wa Wajerumani kuanzia 1905, tunaifundisha kwa orodha tatu: sababu, kushindwa, matokeo. Mwanafunzi anakariri kodi, shokoa (kazi ya kulazimishwa), pamba, silaha duni, imani ya maji (dawa iliyoaminiwa kuzuia risasi), na alama anapata. Sasa muulize swali moja dogo: ikiwa pamba ndiyo iliyowasha moto, Ungoni, kule Songea, iliingia vitani kwa lipi? Mashamba ya pamba ya amri yalikuwa hasa wilaya za pwani na nyuma yake kidogo. Au muulize kwa nini Iringa haikuingia. Atakutazama tu, kwa sababu orodha haina watu ndani yake. Ina "Waafrika" upande huu na "Wajerumani" upande ule.

Ninachopendekeza ni kufundisha vita hivi kwa mahali na kwa nafasi ya mtu. Vipindi vinne vya dakika 40, yaani viwili viwili vilivyoungana. Naeleza hatua, nyie mtoboe matundu.

Vifaa: A4 kumi na mbili, chaki, kikombe cha maji, kiwanja au sakafu yenye nafasi ya mita 10 kwa 10. Darasa la watu 60 ligawe makundi manane ya watu 7 au 8. Kila kundi lipate kadi moja, nusu ya A4, yenye mistari mitano tu:

Uko wapi. Unaishi kwa kazi gani. Nani anakudai na wewe unamdai nani. Adui wako wa jana ni nani. Habari zilikufikia lini, na kwa mdomo wa nani.

Nafasi nane: mkulima wa Nandete, Umatumbi, anayepelekwa shamba la pamba la jumbe (mkuu wa kijiji); akida wa Kibata, mtu wa pwani aliyewekwa na serikali; mwenye duka wa Kihindi pale Samanga; mgema mpira wa msituni huko Liwale; askari ndani ya boma la Mahenge; mtu wa misheni ya Peramiho; nduna (chifu mdogo) wa Ungoni; na Mhehe wa Iringa.

Mfano wa kadi ya Iringa, maana ndiyo inayowasumbua wengi: *Uko Iringa, 1905. Unalima, una ng'ombe wachache. Kodi unadaiwa kama wengine. Adui wa jana: Wangoni, mliopigana nao kati ya 1878 na 1882, na Wajerumani, waliobomoa Kalenga Oktoba 1894. Mkwawa amekufa Julai 1898, miaka saba tu iliyopita. Habari za dawa zimekujia kutoka kusini, kwa midomo ya watu ambao baba yako alipigana nao.* Baada ya kusoma hiyo, neno "wasaliti" linakosa pa kukaa. Mtoto anaanza kupima: hawa wameshapigana na Mjerumani, wameshaona nyumba zikichomwa, leo wanaitwa na adui wa zamani waende tena.

Ramani: chora kwa chaki, mita 1 kwa kilomita 50, kwa mstari ulionyooka. Kilwa Kivinje iweke ukingo wa mashariki. Liwale iko mita 4 kusini-magharibi yake, Mahenge karibu mita 6 moja kwa moja magharibi, Songea mita 9 na kitu kusini-magharibi. Iringa mita 3 kutoka Mahenge, kaskazini-magharibi. Umatumbi ni hatua moja na ziada kutoka Kilwa. Dar es Salaam mita 4 na robo kaskazini ya Kilwa. Usihangaike na mito yote, chora Rufiji peke yake.

Kisha saa ya darasa. Siku moja ni sekunde 10. Mwanafunzi mmoja anasoma tarehe kwa sauti kuanzia 20 Julai 1905 hadi 10 Septemba, jumla kama dakika tisa. Mwingine anabeba kikombe cha maji, ndiyo dawa yenyewe, kutoka Umatumbi. Makundi yote yamekaa chini mahali pao kwenye ramani, na hairuhusiwi kusimama kabla habari haijakufikia.

Kitakachoharibika: watasimama wote kwa pamoja siku ya kwanza, kwa sababu wameshafundishwa kwamba makabila yaliungana. Wakalishe, anza upya. Hapo ndipo somo lilipo.

---

Mtumbatu_K

Tarehe za kusomwa hujaziweka. Ziandikeni ubaoni kabla: pamba inang'olewa Nandete yapata 20 Julai. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile Ngwale, mganga aliyeanzisha dawa ya maji, ananyongwa Mohoro. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne, mabruda wawili na masista wawili, wanauawa Mikukuyumbu njia ya Liwale. Katikati ya mwezi huohuo boma la Liwale linaanguka. Tarehe 30 Agosti Mahenge inashambuliwa. Mwanzoni mwa Septemba Wangoni wanaingia.

Angalieni hiyo ya pili. Kinjikitile alinyongwa wiki mbili baada ya shina la kwanza la mpamba kung'olewa. Majibu ya mitihani yamejaa "Kinjikitile aliongoza makabila mpaka vita vilipokwisha". Hakuiona Mahenge, hakuiona Songea. Dawa ilibebwa na wajumbe walioitwa hongo, kila mmoja na namna yake ya kuigawa na masharti yake. Kwenye saa ya darasa, siku hiyo ikifika, mwenye kikombe akae chini na kikombe kipokewe na watu watatu wanaokwenda njia tatu. Darasa litaona lenyewe kwamba vita havikuwa na amiri jeshi mkuu.

Jambo jingine, tahajia. *Kinjeketile* ni tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969. Kinjikitile ni mtu wa Ngarambe. Wanafunzi wanaosoma Fasihi wanachukua mashaka ya mhusika wa jukwaani wanayaandika kwenye karatasi ya Historia kama ushahidi wa 1905. Sentensi moja mwanzoni mwa kipindi inatosha: mwandishi alitunga mtu wake kwa maswali ya miaka ya sitini, baada ya uhuru.

---

Sauti ya Mgambo

Mkuu ChakiNyeupe, nakuheshimu ila hapa napinga. Taifa hili limejengwa juu ya kumbukumbu kwamba watu zaidi ya kabila ishirini walisimama pamoja. Ukianza kumwambia mtoto wa miaka 14 kwamba Wahehe walikuwa upande wa Wajerumani, Wasangu upande ule, Kiwanga wa Wabena wa Ulanga upande ule, umemfundisha nini zaidi ya chuki za ukabila? Mkoloni mwenyewe alitaka hivyohivyo tugawanyike.

---

ChakiNyeupe

Hoja nzito, ndugu yangu. Ila anayezua chuki ni mwalimu anayesema "Wahehe walikataa" akaishia hapo. Mtoto anajaza mwenyewe: walikataa kwa sababu ni wabaya. Ukimpa sababu zao hana cha kujaza.

Halafu hilo la umoja nalo lina tarehe yake, na tarehe hiyo ifundishwe. Mwaka 1956 Nyerere alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaitaja Maji Maji kuonyesha kwamba watu wa Tanganyika hawakukubali kutawaliwa. Alikuwa anadai uhuru, na hoja ilimfaa. Gavana von Götzen naye alitoa kitabu mwaka 1909, wakati anatakiwa kujieleza nyumbani kwao, na kwake yeye ushirikina na waganga ndio chanzo, wala si kodi zake. Kila mmoja alihitaji Maji Maji ya aina yake. Kipindi cha nne ndicho cha hayo: andika ubaoni 1909, 1956, 1969, 2023, na chini ya kila mwaka waandike nani anasema, anamwambia nani, anataka nini. Huo 2023 ni Novemba, Rais wa Ujerumani Steinmeier alipofika Songea akaomba radhi na kukutana na ukoo wa Songea Mbano, nduna wa Wangoni aliyenyongwa 1906.

Umoja ulikuwepo, tena wa ajabu kwa zama zile. Mmatumbi, Mngindo, Mpogoro, Mbunga, Mbena wa Njombe na Mngoni hawakuwa na mfalme mmoja wala lugha moja ya nyumbani. Unashangaza zaidi ukijua ulivyokuwa mgumu.

---

Sauti ya Mgambo

Hapo kwenye 1956 umenipata nusu. Endelea.

---

Bi Makavazi

Naongezea upande wa nyaraka, maana kadi pasipo chanzo zitageuka hadithi za mwalimu.

Kwa kipindi cha tatu chukueni vyanzo vinne, visizidi. Kila kimoja kiwe nusu ukurasa. Ukiwapa ukurasa mzima wanasoma aya ya kwanza wanaacha.

Cha kwanza, *Utenzi wa Vita vya Maji Maji* wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1957. Huyu ni Mwafrika, Mwislamu, mtu wa mji wa pwani, anaandika kwa Kiswahili kizuri, na hawaonei huruma wapiganaji hata kidogo. Wanafunzi hushtuka sana. Chagueni beti sita, zisomwe kwa sauti mara mbili, mara ya kwanza kwa mahadhi na ya pili polepole. Kisha swali: maneno gani yanaonyesha mshairi amesimama wapi? Wapigie mstari. Msiwaeleze ninyi. Kosa la kawaida ni mwalimu kuuita "utenzi wa kibaraka" kabla haujasomwa, hapo hakuna atakayesoma.

Cha pili ni masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam mwaka 1968 na 1969. Ni hazina. Lakini msimulizi anazungumza miaka zaidi ya 60 baada ya tukio, Azimio la Arusha lina mwaka mmoja au miwili, na anayemuuliza ni kijana wa chuo cha taifa jipya. Wanafunzi waulizwe: mzee huyu angemsimulia hivihivi karani wa Kijerumani mwaka 1906?

Cha tatu, hesabu za vifo, mwenzangu mmoja ataeleza chini.

Cha nne ndicho ninachokipenda. Songea, tarehe 27 Februari 1906, walinyongwa watu zaidi ya 60, na baadhi yao walibatizwa gerezani kabla ya kwenda kwenye kitanzi. Wape darasa tukio hilo kwa mistari miwili na waandike maswali tu, wasiandike majibu. Padri aliona nini? Mfungwa alitaka nini: mbingu, kuahirishiwa, au mtu wa kuzungumza naye? Kumbukumbu ya misheni ingetunza nini, na ingeacha nini? Maswali yasipungue matano kwa kila kundi. Kuna watakaotaka jibu sahihi, na hamna. Waambieni hivyo.

---

Kibindo

Mimi nije na askari, ndiyo kadi inayoandikwa vibaya kuliko zote. Wengi wanaandika "askari wa Kijerumani" na mtoto anachora Mzungu.

Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alianza na Wasudani takriban 600 alioajiri Misri mwaka 1889, pamoja na watu kutoka Msumbiji walioitwa Wazulu. Kufika 1905 wengi walikuwa wa humuhumu: Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengineo. Lugha ya boma ilikuwa Kiswahili. Askari ana mshahara, ana mke au wake, watoto, watumishi, kijiji kizima nyuma ya boma. Kadi yake iseme hivyo: ukishindwa leo Mahenge, hawakuui wewe peke yako.

Chini ya askari kuna ruga-ruga, wapiganaji wa kukodiwa au walioletwa na machifu waliokuwa upande wa serikali. Hawa ndio wanaosahaulika kabisa, na ndio waliokufa wengi upande ule. Hesabu rasmi ya Wajerumani ni Wazungu 15, askari 73, wasaidizi 316. Waambie wanafunzi wajumlishe: 404, na kati yao 389 ni Waafrika. Zaidi ya asilimia 96. Kisha waandike upande wa pili: 75,000 kwa takwimu ya serikali ya kikoloni, na kati ya 250,000 na 300,000 kwa makadirio ya mwanahistoria Gwassa.

Hapo mwalimu anayekosea huuliza "ipi ni sahihi?" Uliza hivi: ili upate 300,000, unahesabu eneo gani, mpaka mwaka gani, na unamhesabu aliyekufa kwa njaa? Mtoto aliyekufa 1907 kwa kukosa mbegu amekufa vitani au la? Darasa likibishana dakika 15 juu ya hilo, kipindi kimekwenda vizuri.

---

Mama Shamba

Njaa ndiyo vita vyenyewe, kusema kweli. Mapigano makubwa ni wiki chache za Agosti na Septemba. Kuanzia Oktoba 1905 kilichofuata ni kuchoma ghala, kuchoma mazao shambani, kukamata wanawake na watoto ili wanaume wajitokeze. Afisa Wangenheim aliandika waziwazi kwamba njaa ndiyo itakayowamaliza, kupigana peke yake hakutoshi. Ilikuwa mbinu iliyopangwa. Vitabu vingi vinaiweka njaa chini ya "matokeo" kama vile ilinyesha kutoka mbinguni. Ihamisheni. Iwekeni chini ya "mbinu za vita".

Na kwenye kadi nane za mwanzisha uzi simwoni mwanamke hata mmoja. Yule wa Nandete mfanye mwanamke. Mwanamume akipelekwa shamba la jumbe au njia ya upagazi, nani analinda mahindi na mtama dhidi ya nguruwe mwitu? Ni yeye, usiku, na moto na debe. Serikali ilibana uwindaji, nguruwe wakaongezeka. Hilo halimo kwenye orodha ya sababu, ingawa kwa mwenye shamba lilikuwa la kila usiku.

Ungoni mtajeni Nduna Mkomanile, aliyenyongwa mwaka 1906 pamoja na wanaume. Lakini msimweke kama pambo, "naye mwanamke alikuwepo". Ulizeni alikuwa na mamlaka gani, juu ya ardhi ipi, na kwa nini Mjerumani alimwona wa kunyonga.

---

ChakiNyeupe

Mama Shamba, umenikamata. Kadi ya Nandete naibadili leo: *mwanamke, mume yuko shamba la pamba. Kwa maandishi ni siku 28 kwa mwaka, kwa kweli ni zaidi, na siku hizo zinaangukia wakati wa palizi. Malipo ya pamba ni madogo hata wengine walikataa kuyapokea. Kodi ni rupia 3.*

---

Mwl. Zamu

Naomba kuuliza. Hiyo dawa ya maji inafundishwaje? Nikisema "imani potofu" namrudia Götzen, nikikaa kimya wanacheka wenyewe.

---

Mtumbatu_K

Usianze na risasi, Mwalimu. Ukianza na "risasi zitageuka maji" darasa limeshacheka na hulirudishi.

Anza na shamba. Watu wa bonde la Rufiji walikuwa wakienda kwa Bokero, pepo mkuu wa huko, kutafuta mvua na rutuba muda mrefu kabla ya 1904. Dawa ya maji kwa ajili ya shamba na nguruwe ilikuwa kitu cha kawaida. Maji, mafuta ya mbarika, mbegu za mtama: vitu vya mkulima. Kisha Kinjikitile anapandwa na pepo Hongo, anazama kwenye maji na kutoka mkavu, kama walivyosimulia. Watu wanakuja kwa makundi Ngarambe, ukoo kwa ukoo. Habari inapita kwa kunong'onezana. Wanapofika wanapewa dawa pamoja na masharti: usipore, usilale na mwanamke kabla ya vita, na kadhalika.

Sasa uliza darasa: unawafanyaje watu wasio na mfalme mmoja, wasioaminiana, waape kitu kimoja? Hawana karatasi wala bendera. Wataona wenyewe kwamba dawa ilikuwa kiapo. Na masharti ni nidhamu ya jeshi kwa jina jingine. Dawa iliposhindwa Mahenge mbele ya bombomu (bunduki za mashine), wengi walisema masharti yamevunjwa. Risasi ije hapo, mwisho.

Jambo la kuepuka upande wa pili: usigeuze dawa kuwa siasa tupu, kwamba "viongozi walijua ni uongo ila waliitumia". Watu waliamini. Waliokimbilia bombomu hawakuwa wanaigiza.

---

Mwl. Zamu

Asante sana. Na kadi ya Peramiho? Shule yetu ina Wakristo na Waislamu, sitaki ugomvi.

---

Bi Makavazi

Iandike kama ilivyokuwa. Wabenediktini walifika Peramiho 1898. Kabla ya vita padri mmoja alichoma kibanda cha mahoka cha Nkosi (mfalme) Mputa wa Wangoni, yaani mahali pa kuwaheshimu wazee waliokufa. Septemba 1905 Peramiho ikachomwa. Ukiweka la kwanza bila la pili umeandika lawama, ukiweka la pili bila la kwanza umeandika ushahidi wa mashahidi wa dini. Yaandike yote mawili kwenye kadi moja, mistari miwili inayofuatana.

Na mtu wa misheni asiwe Mzungu. Awe kijana Mngoni aliyebatizwa, anayejua kusoma, mama yake yuko nje ya uzio. Masasi na Lukuledi nako misheni ziliguswa, ila kadi moja inatosha.

---

Kibindo

Kuhusu Mhindi wa Samanga, jihadharini na mchezo wa "mnyonyaji". Duka lake lilichomwa, ni kweli, na kulikuwa na sababu: ndiye aliyenunua mpira, nta na mtama, ndiye aliyekopesha. Lakini naye alikopeshwa na matajiri wa pwani, na bei ya mpira haikupangwa Kilwa. Mstari wa tatu wa kadi, "nani anakudai", uandikwe kwa pande mbili.

Akida vilevile. Wajerumani hawakumbuni, walimrithi kutoka utawala wa Sultani pwani wakampeleka bara mahali ambapo hajawahi kuwa na haki yoyote. Kwa Mmatumbi, akida alikuwa mgeni kama Mjerumani, na alikuwa karibu zaidi.

---

Nyika_254

Salamu kutoka Kilifi. Hii mbinu inaweza kufanya kazi kwa Mekatilili wa Menza na vita vya Wagiriama 1913 na 1914? Huku pia tunafundisha shujaa mmoja na Mwingereza mmoja, basi.

---

Mtumbatu_K

Inafaa, tena eneo ni dogo, ramani itatosha darasani. Kadi zako: mzee wa kaya (makazi matakatifu ya Wagiriama), mwanamke aliyeapa kiapo cha mukushekushe, chifu aliyewekwa na Mwingereza, kijana anayetakiwa kwenda Mombasa kufanya kazi au kubeba mizigo ya vita, mfanyabiashara wa nafaka, Mswahili wa Malindi. Tukio la kati liwe Kaya Fungo kulipuliwa kwa baruti Agosti 1914. Usisahau kwamba Mekatilili alikamatwa Oktoba 1913 na kupelekwa Kisii, kwa hiyo swali la "nani anabeba kikombe baada yake" linarudi palepale.

---

Sauti ya Mgambo

Nina swali la usalama wa watoto. Darasa la Songea lina akina Mbano na akina Gama, koo za Wangoni. Darasa la Iringa lina Wahehe. Mtoto akipewa kadi ya babu yake, au ya adui wa babu yake, itakuwaje?

---

Mama Shamba

Kadi zigawiwe kwa kura, kwenye kofia au ndoo. Mwalimu asiguse. Na kwenye kadi usiandike kabila mstari wa kwanza, andika mahali na kazi. Kabila lijitokeze kwenye mstari wa nne likihitajika.

Mipaka mitatu isivukwe. Hakuna kuigiza kunyongwa. Hakuna kuigiza kiboko, hata kwa mchezo, maana darasani kuna anayepigwa nyumbani. Na hakuna mtoto kuulizwa mbele za watu "ukoo wenu ulikuwa upande gani". Akitaka kusema mwenyewe, asikilizwe. Songea kuna Makumbusho ya Majimaji na kila 27 Februari kuna kumbukumbu, kwa hiyo wengine wanajua mengi kuliko mwalimu. Kuna ukoo unaosubiri fuvu la Songea Mbano, linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Kwa watoto hao jambo hili halijaisha.

Kila mtu avue nafasi yake mwisho wa kipindi: arudishe kadi, aseme jina lake halisi. Inaonekana kitu kidogo, lakini usipofanya, mtoto ataitwa "akida" mpaka muhula uishe.

---

Mwl. Zamu

Na mtihani? Mkaguzi hatauliza kikombe cha maji.

---

ChakiNyeupe

Swali la mtihani litabaki "eleza sababu sita". Wape zoezi la kugeuza. Kila kundi liandike sababu moja kwa sentensi yenye mahali, mtu na tarehe. Badala ya "kodi kubwa", mtoto anaandika: "Machi 1905 kodi ya nyumba iligeuzwa kodi ya kichwa, ikamgusa kila mwanamume mzima." Badala ya "silaha duni": "Mahenge, 30 Agosti 1905, washambuliaji walikwenda wazi mbele ya bombomu." Sentensi nane kutoka makundi nane, zote ubaoni, wananakili. Hapo wana majibu ya mtihani yenye nyama.

Kusahihisha, kwa alama 20: mahali na tarehe sahihi 6, sababu za mtu wa kadi 6, matumizi ya chanzo 5, na alama 3 kwa kutaja mtu mmoja ambaye kadi yake ingepingana na yake. Hizo tatu za mwisho ndizo zinazotenganisha aliyekariri na aliyeelewa.

---

Mtu wa Ngarambe Road

Wakuu fotokopi huku ni mbali na umeme hakuna. Darasa lina 94.

---

Kibindo

Huhitaji fotokopi. Kadi nane andika kwa mkono kwenye boksi za chaki zilizokatwa, zitadumu miaka. Watu 94, makundi nane ya 11 au 12, na kila kundi lichague wasemaji wawili, wengine waandishi na walinzi wa tarehe. Beti za utenzi zisomwe imla. Ramani chora nje kwa majivu, upepo wa mchana utaifuta, kwa hiyo piga kipindi asubuhi.

---

Mama Shamba

Ukiichora kwa majivu, kabla haijafutika chukua kipande cha mkaa, zungushia eneo kati ya Liwale, Mahenge na Rufiji. Vijiji vilipotea humo, pori likarudi, mbung'o wakaja, na sehemu kubwa baadaye ikawa pori la akiba la Selous. Waulize nani alikuwa anaishi humo mwaka 1904. Kadi ya Liwale isomwe tena kwa sauti, na msomaji awe amesimama ndani ya mduara.

---

Mtu wa Ngarambe Road

Majivu yapo. Kesho kipindi cha kwanza.